Zamu ya Kiwiko

Kofi la kwanza Pelagia alilisamehe kabla halijamfika. Aliuona mkono wa mumewe ukitoka chini ya blanketi, akajua unakuja, na bado hakuliachia goti lake alilokuwa akilikunja. Alikuwa amefika hesabu ya saba, na Shaban, dresa wa hospitali, alikuwa amemwambia kwamba kumi ni kumi. Kofi likatua shavuni. Akamaliza nane, tisa na kumi, akaushusha mguu taratibu juu ya mto, kisha ndipo akatoka nje kunawa uso.

"Siyo mimi, mke wangu," Bernardo alimwita kutoka ndani, na sauti yake ilitetemeka kweli. "Ni haya maumivu. Yananipanda kichwani, sijui hata mkono umeondoka saa ngapi."

Akamwamini. Nani asingemwamini? Walikuwa na miaka sita ya ndoa, na Bernardo Mahona hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mtu wa genge la vibarua kwenye reli mpya ya kutoka Kaliua kwenda Mpanda, mabega mapana, mwimbishaji wa wenzake wakati wa kunyanyua vyuma, na kila mwisho wa mwezi alirudi kwake Cheyo, mjini Tabora, na kibuyu cha asali. Mwishoni mwa mwezi wa sita, mwaka ule wa arobaini na tisa, chuma cha reli kiliwaponyoka wenzake kikamwangukia juu kidogo ya goti la kulia. Paja likavunjika. Hospitali ya Tabora wakamfunga plasta toka nyonga mpaka vidoleni, akalala nayo wiki kumi. Ilipokatwa, mguu ulitoka mwembamba, umejaa magamba ya ngozi iliyokufa, umenyooka kama mchi. Mfupa ulikuwa umeunga vizuri. Goti ndilo lililokataa kukunjika.

Msimamizi wa reli alisema neno moja tu: akiweza kuchuchumaa na kuinuka na mzigo ifikapo Krismasi, nafasi yake ipo. Asipoweza, arudi kijijini kulima. Lakini hata jembe linataka goti, na Bernardo alijua hilo kuliko msimamizi.

*

Shaban alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, kipara kimeanza kumwingia, mdomo haukai. Wakati wa vita alifanya kazi katika hospitali ya jeshi Nairobi, chini ya mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akiwanyoosha askari waliorudi kutoka Burma. Alitoka huko na kazi ambayo hapa Tabora haikuwa hata na jina. Wenzake walimwita Shaban wa Kukanda, naye alikasirika, maana alisema kukanda ni mwanzo tu, kama mtu anavyopasha sufuria kabla ya kutia unga.

"Kabila gani wewe?" alimwuliza Bernardo siku ile ya kwanza, huku akikunja mikono ya shati.

"Mnyamwezi."

"Lahaula! Wenzangu wanapewa wagonjwa wa maana, mimi napewa mpagazi! Babu yako alipita kwa babu yangu na pembe begani, akala mihogo yetu, akaondoka bila kuaga. Leo mihogo ile itakutoka."

Bernardo, ambaye hakuwa ametabasamu tangu Kaliua, alicheka mpaka kitanda kikalia. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni wa tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana mbele za watu, anachukua kitu chako mchana kweupe, nawe huna ruhusa ya kununa. Shaban alimvua Bernardo kofia, akaivaa yeye, akashinda nayo kichwani siku nzima.

Na katikati ya matusi alikuwa akifanya kazi. Aliweka vitambaa vya moto juu ya paja, akapaka mafuta ya karanga, akamwambia Bernardo alikaze paja na kulilegeza, alikaze na kulilegeza, "mpaka likumbuke kwamba ni nyama, siyo gogo." Kisha akashika kifundo cha mguu, akaanza kukunja. "Haya, mzoga wewe! Mtoto wa kike anakunja kuliko wewe! Nikuzike leo nipate ubwabwa wa matanga?" Bernardo akacheka, na alipocheka paja lililegea, na paja lilipolegea Shaban akasukuma. Pelagia aliona yote hayo kwa macho yake.

"Wewe ndiye utakayefanya nyumbani," Shaban alimgeukia. "Asubuhi kumi, jioni kumi. Sikiliza vizuri, mama. Kuna maumivu ya kunyoosha, na kuna maumivu ya kuharibu. Ya kunyoosha yanapungua ukiachia. Ya kuharibu yanabaki, goti linavimba, linakuwa la moto. Ukiona hayo, simama. Usipoyaona, usimhurumie. Wiki hizi zikipita bila kukunja, goti litafunga moja kwa moja, na hata huyo Mzungu aliyenifundisha hatalifungua."

Akamlaza Bernardo kifudifudi, akachukua kamba ya katani, akapima toka kisigino mpaka takoni. Akaikata. Kila wiki, alisema, atafunga fundo kuonyesha kisigino kimefika wapi. Kamba yenyewe akampa Pelagia aitunze.

*

Kila Jumanne na Ijumaa Pelagia alimsukuma mumewe hospitali kwa toroli la kuazima, mguu ule umetokeza mbele kama mti wa bendera. Wanawake wa sokoni walizoea kumwuliza, "Pelagia, huo mzigo unauzaje leo?" na watoto walifuata nyuma wakiimba. Bernardo alijifunika uso kwa kofia. Hasira ya njiani alirudi nayo nyumbani, na jioni Pelagia alipopasha maji, alijua tayari kwamba atapigwa. Hakujua tu ni saa ngapi na kwa nini.

Kofi likawa ngumi. Ngumi ikawa mazoea. Mara ilikuwa kwenye bega, mara kwenye kifua, na siku moja alimshika nywele akamgonga kichwa kwenye mbao ya kitanda mara mbili, halafu akalia kama mtoto na kumwomba radhi. Siyo mimi, alisema. Ni maumivu. Mama yake, Eustadia, aliyekuwa amekuja kutoka Puge kumwuguza, aliona damu kwenye paji la uso la mkwewe, akaleta majivu na kitambaa, akamfunga vizuri kabisa.

"Vumilia, mwanangu," alimwambia. "Siyo yeye. Ni mguu."

"Mayu, mama, mguu haujanigusa. Ni mkono."

"Mkono unatumwa na mguu. Kwani wewe humjui mumeo?"

Pelagia alirudi kupasha maji. Alimjua mumewe, ndiyo maana alichanganyikiwa. Lakini mafundo yalikuwa yakipanda kwenye kamba. Fundo la wiki ya pili, la wiki ya tatu, la nne. Halafu yakasimama. Wiki ya tano fundo lilifungwa palepale pa wiki ya nne, na Shaban akakuna kipara. "Hapa kwangu anakunja. Nyumbani anakaza," alisema. "Mtu akikaza kwa woga, unakunja ukuta."

Pelagia alitembea njia nzima akiwaza. Alisukuma toroli, na hakusikia hata watoto. Kwa Shaban goti linakunjika, kwake halikunjiki. Shaban ana nini ambacho yeye hana? Maji ya moto anayo. Mafuta anayo. Mikono anayo, tena ya kutwanga. Alipofika nyumbani akapata jibu, na jibu likamfurahisha sana, maskini. Ni maneno. Maneno ya Shaban yalikuwa sehemu ya dawa, na yeye siku zote alikuwa akikunja kimya kimya kama mtu anayeiba.

Jioni ile alipasha vitambaa, akapaka mafuta, akashika kifundo cha mguu, akajikohoza.

"Haya, mzoga wewe," alisema, na akajaribu hata kuiga sauti ya Kizaramo. "Mtoto wa kike anakunja kuliko wewe."

Bernardo hakucheka. Alimtazama, na macho yake yakawa madogo. Kando ya kitanda palikuwa na mkongojo wake wa mninga, mzito, aliochongewa na wenzake wa genge. Pelagia alikuwa bado ana tabasamu mkongojo ulipompata palepale mdomoni. Jino la mbele lilianguka kwenye bakuli la mafuta.

"Mke wangu ananiita mzoga! Ndani ya nyumba yangu! Umeshanizika?"

"Ni dawa!" Pelagia alilia kupitia damu. "Mtani wako husema..."

"Yule ni mtani! Wewe ni nani?"

Akampiga tena mgongoni, na tena, mpaka Eustadia alipoingia na kuushika mkongojo. Hata Eustadia, baada ya kusikia maneno yaliyosemwa, alitikisa kichwa. Neno kama lile, alisema, mke hulisema akiwa na mizigo yake tayari mlangoni.

*

Labda angeacha. Mwenye akili zake angeacha, mimi nasema, angeuacha mguu ule ukauke na mwenye nao. Lakini Pelagia alikuwa ameona mafundo yakipanda. Aliujua ule mguu kuliko alivyoujua wake. Alijua ni wapi paja linatetemeka kabla ya kulegea, na kwamba upande wa ndani ndio wenye ubishi. Kumwacha mume awe kilema kwa sababu ya kuogopa kupigwa kulionekana kwake kuwa jambo la aibu. Basi asubuhi iliyofuata akatema damu, akapasha maji.

Wiki ya saba, Alhamisi, kulikucha na ukungu wa mvua za kwanza. Alifika hesabu ya sita. Bernardo alikuwa amelala chali, mkongojo kifuani. Siku hizo hakulala bila huo mkongojo, na hakuna aliyemwuliza wa nini kitandani.

"Acha."

"Bado nne, baba."

"Nimesema acha!"

"Goti halijawa la moto. Ni ya kunyoosha tu. Vumilia kidogo, saba..."

Alijirusha kutoka kitandani. Yaani alijirusha, mtu ambaye kwa wiki kumi na saba hakuwa amesimama bila kushikwa. Pelagia aliruka nyuma, akajikwaa kwenye sufuria ya maji, akaanguka, na Bernardo akaja juu yake. Ili kumfikia pale chini ilibidi apige goti, na goti likapigwa. Kitu kililia ndani yake, kama kamba mbichi inapokatika. Mkongojo ulishuka. Pelagia akainua mkono wa kulia kukinga kichwa, na mkongojo ukatua chini kidogo ya kiwiko, na hapo pia kitu kililia, ila huu ulikuwa mfupa.

Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Bernardo yeye hakuisikia kelele hiyo. Alikuwa amepiga magoti katika maji yaliyomwagika, anatazama mguu wake uliokunjika kabisa chini ya paja lake, kisigino kimekaribia kugusa tako.

"Mama!" aliita. "Mama, njoo uone! Limekunjika!"

Eustadia akaja, akaona, akapiga vigelegele. Ndiyo, vigelegele. Kisha akamwona mkwewe pembeni ya ukuta, mkono umekaa kwa namna ambayo mkono haukai, na vigelegele vikamkwama.

*

"Nimeanguka kisimani," Pelagia alimwambia Shaban.

Shaban alisubiri mpaka daktari alipomaliza kufunga plasta kutoka kiganjani mpaka nusu ya mkono wa juu, kiwiko kikiwa kimenyooshwa zaidi ya nusu. Kisha akaja kukaa kando ya kitanda, na kwa mara ya kwanza Pelagia akamwona bila mzaha usoni.

"Mfupa huu huvunjika hivi mtu akijikinga," alisema polepole. "Nimeona mingi. Na jino nalo lilianguka kisimani?"

Machozi yakamtoka. Akasema yote, hata yale maneno ya mzoga, na aliposema hayo Shaban alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kosa hilo ni langu. Maneno yale ni yangu mimi kwa yeye, siyo yako. Mimi nikimwita mzoga namkumbusha kuwa yu hai. Wewe ukimwita, anasikia kaburi. Nilikufundisha kazi nzima nikasahau kukuambia kipi hakiazimwi."

"Lakini mara nyingine sikusema kitu, Bwana Shaban. Nilihesabu tu. Anasema siyo yeye, anasema ni maumivu."

Shaban aliipima plasta kwa macho, toka kiganjani mpaka juu ya kiwiko.

Jumapili ya tatu baadaye Bernardo aliingia kanisani kwa miguu yake. Mkongojo alikuja nao, lakini kwa madaha tu, kama mzee wa baraza. Watu walipopiga magoti naye alipiga, polepole, goti la kulia likashuka mpaka sakafuni, na minong'ono ikapita kanisa zima. Nje walimpa mikono. Eustadia aliwaeleza wote jinsi mwanawe alivyoteseka. Hakuna aliyeuliza juu ya plasta ya Pelagia, maana habari ya kisima ilikuwa imeshaenea, na ilikuwa habari nzuri, haimsumbui mtu. Wakati wa ishara ya msalaba alikuwa ametumia mkono wa kushoto, na mama mmoja nyuma yake akaguna.

Usiku huo, na usiku uliofuata, Bernardo alimpiga tena. Chumvi ilikuwa nyingi. Goti halikuwa limeguswa na mtu.

*

Plasta ya Pelagia ilikatwa Jumanne, wiki tatu kabla ya Krismasi. Bernardo alimsindikiza, akitembea mbele. Kwenye benchi la barazani wagonjwa wapatao kumi walikuwa wakingoja zamu, na Shaban alitoka kuwafuata hapohapo barazani. Akamwomba Pelagia aguse paji la uso wake kwa mkono wa kulia. Mkono ulipanda mpaka kifuani, ukakwama. Akajaribu tena. Ukakwama. Hata mdomo hakuufikia.

"Umekuwa goti," Shaban alisema. "Asubuhi kumi, jioni kumi. Nani atakukunjia nyumbani?"

"Mimi," Bernardo akadakia, mkarimu. "Kazi naijua, nimefanyiwa."

Shaban akainua mkono akauchukua mkongojo wa mninga uliokuwa umeegemezwa ukutani.

"Mtani, huu nachukua."

Bernardo akacheka, na watu wa benchi wakacheka, maana utani ni utani. "Chukua, mwizi wa Kisarawe. Nilijua tu."

Shaban akauweka mkongojo katika mkono wa kushoto wa Pelagia, akavifunga vidole vyake juu yake.

"Kwenu kuna sheria," alisema, sasa kwa sauti ya kusikika benchi lote. "Anayekunjwa ndiye anayeshika fimbo. Mtani, kaa. Mkunje mkeo."

Benchi likaangua kicheko. Bernardo naye alicheka, huku akitafuta pa kuweka macho. Angekuwa mtu mwingine aliyesema vile angemvunja pua. Kwa mtani hakuwa na njia. Kununa mbele ya watu kumi ni kukiri mbele ya watu kumi. Akakaa. Akashika mkono wa mkewe, mkono wake mmoja chini ya bega, wa pili kwenye kiganja, kama alivyokuwa akishikwa yeye, akaanza.

"Moja," alihesabu. "Mbili."

Pelagia alikuwa akidhani anajua maumivu. Alikuwa amevunjwa, amepigwa, ameng'olewa jino. Haya yalikuwa ya namna nyingine. Yalianza kwenye kiwiko kama uzi wa moto, yakapanda begani, yakapita shingoni, na alipofika tatu yalikuwa nyuma ya macho yake, na dunia nzima ikawa nyekundu. Bernardo hakuwa amesema uongo. Yanapanda kichwani kweli. Kwenye tano alisikia sauti ikimtoka kama ya mnyama. Watu wa benchi wakaacha kucheka.

"Sita," alisema Bernardo, na jasho lilimshuka. Aliona vidole vya mkewe vikikaza juu ya mninga. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa karibu, kimeinama. Palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kupiga. Goti lake la kulia, lile aliloliponyesha Pelagia kwa mikono yake, lilikuwa limekunjwa mbele yake, na mkewe alijua mahali pake pabovu kuliko mtu yeyote duniani. "Saba," Bernardo alinong'ona, akafumba macho, akapandisha mabega akingoja.

Akangoja. Hakikuja kitu.

"Nane," Pelagia alisema mwenyewe, kwa meno. "Sukuma. Tisa. Sukuma. Kumi."

Bernardo akauachia mkono, akafumbua macho. Mkongojo ulikuwa palepale juu ya mapaja ya mkewe. Machozi yalikuwa yamemlowesha mpaka kidevuni, lakini sauti yake ilitoka safi, na kila mtu barazani alimsikia.

"Imeniuma, Bernardo. Imenipanda mpaka kichwani, kama ulivyokuwa ukisema. Imeniuma sawasawa na wewe." Akavuta pumzi. "Na mkono ulikuwa wangu muda wote."

Bernardo alifungua kinywa. Maneno aliyoyazoea yalikuwa pale ulimini, siyo mimi, siyo mimi, na hayakuweza kutoka. Akatazama benchi. Watu kumi walimtazama. Akamtazama mtani wake, akitafuta mzaha wa kumwokoa, na Shaban hakuwa nao.

"Nenda nyumbani," Pelagia alimwambia. "Mimi nitakaa kwa kaka yangu Silasi, hapo nyuma ya stesheni. Hapa nitakuja mwenyewe kila siku. Mwambie mayu anifungie nguo zangu, na ile kamba ya mafundo umpe Bwana Shaban. Mimi sina kazi nayo tena."

Bernardo alisimama. Goti lilikunjika, likanyooka, likambeba vizuri kabisa. Kwa mazoea alinyoosha mkono kwenye ukuta kuutafuta mkongojo, akapapasa ukuta mtupu, akaurudisha mkono mfukoni. Alishuka ngazi za baraza moja moja, bila kushikwa, akaishika njia ya Cheyo. Hakuchechemea hata kidogo.

Pelagia alimrudishia Shaban mkongojo, akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya magoti.

"Pima," alimwambia.